Kitu Kigeni Moyoni: Jeraha na Tiba Yake

Mwanafunzi aliyepata kupasua moyo wa mbuzi darasani atakumbuka ule utando mgumu ambao hauna budi kuchanwa kabla ya kuufikia moyo wenyewe. Utando huo, perikadi, hautanuki upesi. Kisu, msumari au kipande cha chuma kikitoboa moyo, damu huvuja na kujikusanya baina ya utando na moyo. Mililita 200 hivi, zikiingia kwa ghafula, zaweza kuubana moyo usijae tena. Hivyo majeruhi huweza kufa kwa kubanwa moyo, hata kama damu iliyomwagika nje ni kidogo mno. Mishipa ya shingo hutuna, shinikizo la damu hushuka, na mapigo ya moyo husikika kwa mbali.

Katika karne ya 19 madaktari wengi waliamini kwamba moyo haushoneki. Tarehe 9 Septemba 1896, mjini Frankfurt, Ujerumani, Ludwig Rehn alifungua kifua cha kijana wa miaka 22 aliyechomwa kisu siku mbili kabla. Alikuta tundu la sentimita moja na nusu katika ventrikali ya kulia, akalizuia kwa kidole, akalishona kwa nyuzi tatu za hariri. Kijana akapona. Ventrikali hiyo ndiyo ielekeayo mbele, na ukuta wake ni mwembamba. Ya kushoto ina misuli minene, hata tundu dogo huweza kujiziba kwa muda.

Kukitoa kitu kilichobaki ndani ni kazi ngumu zaidi, lakini kukiacha nako kuna hatari: chaweza kuleta usaha, au kuchukuliwa na damu hadi mapafuni au ubongoni. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Mmarekani Dwight Harken, akiwa Uingereza, alitoa risasi na vipande vya makombora 134 moyoni na kandokando yake, 13 vikiwa ndani ya vyumba vya moyo, wala hakufiwa na mgonjwa hata mmoja. Alitanguliza nyuzi mahali pa kupasua, ili zikazwe mara kitu kitokapo. Mashine ya kuushikia moyo kazi haikuwapo. Ilifaulu kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1953.

Kwa hiyo kisu kilichokwama kifuani hakichomolewi njiani, kwani huenda ndicho kizibo cha tundu. Hufungwa kisitikisike, na hutolewa pale tu mpasuaji akiwa amekwisha kufungua kifua, sindano mkononi.