Kisukari cha Paka: Chakula na Utunzaji

Kisukari ni maradhi yanayojulikana sana kwa binadamu, lakini si wengi wanaofahamu kwamba paka naye huyapata. Walio katika hatari zaidi ni paka wenye umri mkubwa, walionenepa na wasiowinda tena, hasa madume waliohasiwa.

Chanzo na dalili

Mwaka 1889, huko Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho, na mbwa huyo akapata kisukari. Mwaka 1921, katika Chuo Kikuu cha Toronto, Frederick Banting na Charles Best walifaulu kutenga insulini kutoka katika kongosho. Insulini ndiyo inayoziwezesha seli za mwili kupokea sukari iliyomo katika damu.

Kwa paka wengi wagonjwa, insulini haikosekani kabisa hapo mwanzoni. Unene huzifanya seli zisiitii, na kongosho, baada ya kuelemewa na kazi, hudhoofika. Sukari hurundikana katika damu hadi figo zishindwe kuizuia, ikatoka katika mkojo pamoja na maji mengi. Ndiyo sababu paka huyo hukojoa mno, hunywa maji mno na hula sana, lakini hukonda. Baadhi yao hudhurika neva za miguu ya nyuma, wakatembea kwa kukanyagia visigino.

Hata hivyo, hofu ya kushikwa yaweza kupandisha sukari katika damu ya paka mwenye afya. Kwa hiyo daktari wa mifugo hategemei kipimo kimoja tu, bali huangalia dalili, damu na mkojo kwa pamoja.

Chakula

Paka ni mla nyama kwa maumbile. Panya anayemwinda ana protini na mafuta, na wanga kidogo sana. Mate ya paka hayana kimeng'enya cha kuvunja wanga, na ini lake halina uwezo mkubwa wa kushughulikia sukari nyingi inayoingia kwa mara moja. Basi ugali au wali uliolowekwa mchuzi wa dagaa, ingawa hushibisha, haumfai paka mwenye kisukari.

Kinachomfaa ni chakula chenye protini nyingi na wanga kidogo. Chakula cha kopo cha paka kwa kawaida ni bora kuliko cha punje kavu, kwani punje hutengenezwa kwa wanga ili zishikamane. Minofu mitupu nayo haitoshi kwa muda mrefu, kwa kuwa ina upungufu wa kalsiamu. Aidha, paka hawezi kuishi bila taurini ya kutosha. Akiikosa, macho hupofuka na moyo hudhoofika.

Paka mnene apunguzwe uzito polepole. Mwenye kilo 6 asipungue zaidi ya gramu 120 kwa wiki. Kumshindisha njaa kwaweza kujaza ini lake mafuta na kumwua.

Insulini

Kwa kawaida sindano hupigwa chini ya ngozi kila baada ya saa 12, kwa kipimo alichoamuru daktari. Hapa pana hatari mbili.

Kwanza, kuna insulini yenye yuniti 40 katika mililita moja, na nyingine yenye yuniti 100. Kila moja ina bomba lake la sindano. Mtu akivuta insulini ya yuniti 100 kwa bomba la yuniti 40 hadi alama ya 2, atakuwa amempa paka yuniti 5.

Pili, chakula na dawa huenda pamoja. Wanga ukipunguzwa, sukari hushuka, na kipimo cha jana chaweza kuwa kikubwa mno leo. Kwa hiyo chakula kisibadilishwe bila daktari kujua; na paka akikataa kula, daktari aulizwe kabla ya sindano.

Paka anayelegea, kupepesuka, kutetemeka au kupatwa na degedege baada ya sindano amepungukiwa sukari. Apakwe asali au maji mazito ya sukari kwenye ufizi, asimiminiwe kinywani, kisha apelekwe kwa daktari mara moja.

Paka wengine, wakitibiwa mapema kwa insulini na chakula chenye wanga kidogo, hufikia hali ya kutohitaji sindano tena. Lakini maradhi huweza kurudi. Mfugaji aendelee kuandika katika daftari uzito wa paka, maji anywayo na chakula alacho, ili badiliko lolote lionekane mapema.