Damu ya Mundu na Homa ya Malaria

Mtu akitazama tone la damu kwa hadubini, ataona chembe nyekundu zisizohesabika, nazo ni za mviringo kama sahani. Lakini wako watu ambao baadhi ya chembe zao hujikunja mfano wa mundu wa kuvunia. Daktari James Herrick aliziona huko Chicago, akaandika habari zake mwaka 1910. Chembe za namna hiyo hukwama katika mishipa midogo. Kwa hiyo mgonjwa hupatwa na maumivu makali ya mifupa, na damu humpungukia. Watoto wengi wenye maradhi hayo, wasipotunzwa hospitali, hufa kabla ya kutimiza miaka 5.

Maradhi hayo hayaambukizi, wala si uchawi, bali hurithiwa. Kila mtoto hupata urithi huo sehemu mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Aliyerithi mundu kwa mzazi mmoja tu huwa mzima, hata pengine hajui kitu. Aliyerithi kwa wote wawili ndiye mgonjwa. Basi mama asilaumiwe peke yake, kama ilivyo desturi mbaya ya wengine, maana bila sehemu ya baba mtoto asingeugua. Wazazi wote wawili wakiwa na sehemu moja moja, kila mtoto azaliwapo ana bahati moja katika nne ya kuugua. Aliyetangulia hamkingi wala hamdhuru amfuataye.

Je, jambo liuwalo watoto lilidumuje vizazi vyote hivyo? Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa nchi hiyo mwaka 1949. Pwani na kando ya Ziwa Victoria, penye mbu wengi, watu zaidi ya 20 katika 100 walikuwa na alama ya mundu. Milimani penye baridi hawakufika hata mmoja katika 100. Akashuku malaria. Mwaka 1954 alitangaza habari za watoto wadogo wa Buganda: katika 43 wenye alama, 12 walionekana na vijidudu vya malaria, katika 247 wasio nayo, 113. Kijidudu kikiingia katika chembe ya namna ile, chembe hujikunja, na wengu huiharibu pamoja na mgeni wake.

Kinga hiyo si kamili. Mwenye sehemu moja aweza kuugua malaria, ila ni shida imwue. Naye mwenye sehemu mbili hapati faida hiyo: malaria humlemea upesi, kwa kuwa damu yake ilikuwa chache tangu mwanzo.