Jirani Anapoandamwa na Mawazo

Ni nadra kumsikia mtu wa Kibera au Kawangware akisema ana unyogovu. Husema, "Nina mawazo mengi," au "Mwili hauna nguvu." Wengi huja kliniki wakilalamikia kichwa, mgongo au kifua kinachobana, na baadhi yao wamekwisha kumeza dawa za malaria na za homa ya matumbo mara kadhaa bila nafuu. Huko nyumbani wanaitwa wavivu.

Huzuni ya kufiwa au ya kukosa kibarua hupanda na kushuka. Mtu huweza kucheka kidogo akipata habari njema. Unyogovu humkalia karibu kila siku kwa majuma mawili au zaidi. Hafurahii tena alichokuwa akikipenda, huamka saa tisa usiku na usingizi usirudi, chakula hakina ladha, na hujiona si kitu. Mwanamume huenda akawa mkali na kuzidisha chang'aa. Mama aliyejifungua karibuni huenda akamtazama mwanawe asihisi chochote.

Ufanye nini basi? Usimwambie "jikaze", kwani amejikaza mpaka amechoka. Muulize hali yake, kisha unyamaze umsikilize. Katika chumba kimoja chenye watoto, na jirani akisikia kila neno kupitia mabati, mazungumzo hayo ni magumu. Tokeni pamoja mwende kuteka maji, au mtembee kando ya reli. Halafu mwondolee mzigo mmoja: mfulie nguo, mpelekee mtoto shuleni, mshikie kibanda chake cha mboga asubuhi moja. Kumwambia "ukihitaji kitu niite" hakumfai mtu asiye na nguvu za kuomba.

Muulize pia, waziwazi, kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo hilo; wengi huona wametuliwa mzigo. Kwa miaka mingi watu waliogopa kukiri, kwa kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Akikujibu ndiyo, usimwache peke yake. Ondoa sumu ya panya na dawa zilizorundikana nyumbani, umpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Hospitali ya Kenyatta haiko mbali na Kibera. Mathari iko Barabara ya Thika.

Matibabu yapo, na si dawa pekee. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulihusu wanawake wa Nairobi waliowahi kudhulumiwa. Waliokutana mara tano na wahudumu wa afya ya jamii waliofunzwa kazi hiyo walipata nafuu kuliko wenzao waliopewa huduma ya kawaida. Dawa nazo huchukua majuma mawili hadi manne kabla ya kuonyesha nafuu, na hapo ndipo wengi huzitupa wakidhani hazifanyi kazi. Wengine huziacha mara tu wanapopata nafuu, na ugonjwa ukarudi. Aghalabu huendelea kutumiwa kwa miezi sita au zaidi baada ya hapo. Siku ya kurudi kliniki fuatana naye, hata akisema amepona, na ukiweza mlipie nauli ya matatu.