Titi lililojengwa upya likisumbua baada ya mionzi

Mionzi huua saratani, lakini huiacha ngozi ya kifua ikiwa imekakamaa na haipati damu ya kutosha. Ndiyo maana vidonda hapo hupona polepole. Na kama umewekewa kifuko cha silikoni, kovu linalokizunguka linaweza kukaza hadi titi likawa gumu, likapanda juu na kuuma. Kukanda peke yake hakutalilegeza. Mwone daktari aliyekupasua.

Wekundu unaosambaa, usaha, mshono unaoachia au homa ya nyuzi joto 38 na zaidi: usingoje tarehe ya kliniki. Nenda siku hiyohiyo.

Kifuko kikilazimika kutolewa, uliza kuhusu kujenga titi kwa nyama na ngozi ya tumbo au mgongo wako mwenyewe. Nyama hiyo huja na mishipa yake ya damu, hivyo hustahimili zaidi. Madaktari wengi husubiri miezi 6 au zaidi baada ya mionzi. Ni upasuaji mkubwa, usikubali kuharakishwa.

Sigara, acha kabisa.

Wengine huchoka na visu, na wana haki. Kifua bapa ni chaguo halali. Titi bandia la kuvaa ndani ya sidiria pia lipo.