Likizo Fupi ya Mwisho wa Kiangazi: Pa Kwenda na Watoto Karagwe na Kyerwa

Shule zikifungwa kwa likizo fupi mwishoni mwa Agosti, wazazi wengi wa huku kwetu hukuna kichwa. Likizo yenyewe haitoshi kumpeleka mtoto Mwanza au Dar es Salaam akakae kwa shangazi yake, lakini inatosha kabisa watoto kugombana nyumbani kuanzia asubuhi hadi jioni. Mimi ni katika wanaobaki. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikizunguka na wanangu humu humu, kutoka Kayanga hadi Murongo, na sasa jirani akiniuliza "mwenzangu, mnawapelekaga wapi hawa?" nina la kumjibu.

Jibu langu lina masharti matatu. Sehemu moja tu kwa siku. Kuondoka mapema. Na kila mtoto awe na kazi ya kufanya huko anakokwenda, maana mtoto aliyepelekwa kutazama tu huanza kuuliza "tunarudi lini?" kabla hamjamaliza hata chai ya chupa.

Kipindi chenyewe ni kizuri. Juni hadi Agosti mvua huwa zimekata, kwa hiyo hata njia za udongo zinapitika, ingawa mtarudi wekundu kwa vumbi. Nyasi zimekauka na kulala, ukipita pembeni mwa hifadhi unaona mbali. Maharage yameshavunwa, wazee wana nafasi ya kukaa na wajukuu. Na kahawa iko juani. Mvua za kwanza zikianza Septemba, mambo mengi ninayoyataja hapa yanakuwa magumu zaidi.

Anza na shamba la babu

Kama una mzazi au mjomba mwenye shamba, usitafute mbali kwa siku ya kwanza. Huku robusta ndiyo nyingi, na huanza kuchumwa Mei. Kufikia Agosti kila ua una turubai au kichanja cha kahawa. Watoto wa mjini Kayanga wanajua kahawa ni kitu cha kwenye kikopo. Waache wachume kidogo wenyewe. Wape sheria moja: tunda jekundu tu, la kijani liachwe. Hata wa miaka minne anaiweza, na wewe utapata wasaa wa kuzungumza na mama mkwe.

Mkubwa mpe kazi ya kugeuza kahawa iliyoanikwa, kisha afundishwe na babu namna ya kujua kama imekauka. Anachukua chache mkononi, anazitikisa karibu na sikio. Ikilia ndani ya ganda, iko tayari. Ikinyamaza, irudi juani. Wanangu waligeuza jambo hili kuwa mashindano, na babu yao ndiye mwamuzi.

Chama cha msingi cha ushirika kikiwa karibu, omba mwende siku ya kupima. Watoto wa darasa la nne na kuendelea wataelewa hesabu zao vizuri mbele ya mizani: kilo ngapi za kahawa ya maganda, bei ya kilo, makato, kinachobaki mkononi. Hakuna kitabu kitakachowaeleza kwa ufasaha kama huo kwa nini baba alisema viatu vipya vitanunuliwa baada ya kuuza kahawa.

Wakiondoka, bibi atawapa kahawa ya kutafuna. Ile inachemshwa na majani yenye harufu, inaanikwa, na hapa mkoani Kagera ndiyo anayokaribishwa nayo mgeni. Mdogo akionja moja na kukunja uso, inatosha.

Mtagata: maji moto msituni

Hii ndiyo safari wanayoiomba tena. Chemchemi za maji moto za Mtagata ziko upande wa Kyerwa, chini ya miti mikubwa, na jambo la kwanza watoto wanaloliona ni nyani. La pili ni mvuke asubuhi kukiwa bado na baridi. Ndiyo maana nasema fika mapema: saa sita mchana maji ya moto hayashangazi mtu, lakini saa tatu asubuhi, mtoto akiwa bado na sweta, anaingiza kidole na kuruka.

Wakubwa waeleze kwamba hapa pana sifa ya siku nyingi. Henry Morton Stanley alipopita Karagwe mwaka 1876 alifika Mtagata, akakuta watu waliosafiri kutoka mbali kuja kuoga ili wapone maradhi yao. Hadi leo wapo wanaokwenda kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo wafundishe watoto adabu ya mahali: wanasalimia, hawawacheki wagonjwa, hawapigi picha mtu anayeoga. Na wewe mzazi, ukiwa na mtoto anayeumwa, maji yale yamchangamshe tu. Dawa ni hospitali.

Utaratibu wangu pale ni huu. Penye jicho la chemchemi hakuna mtoto anayekaribia, maana maji yanaunguza. Mnashuka kule yanakopoa, mtu mzima anatangulia kuingiza mkono, kisha ndipo miguu midogo inafuata. Sabuni haiingii majini. Chakula kinakaa ndani ya mfuko uliofungwa, na mfuko unakaa mapajani mwa mtu, kwa sababu nyani wa pale hawaombi. Kazi za watoto: mmoja ni mlinzi wa chakula, mwingine anahesabu nyani, wa tatu anaangalia ni sehemu ipi maji ni ya moto zaidi na ipi ni ya uvuguvugu, akituambia njiani kwa nini anadhani iko hivyo.

Eneo hilo limeungana na milima ya Rumanyika, ambayo tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa Rumanyika-Karagwe. Kabla ya kwenda, piga simu au pita ofisi ya hifadhi au ya kijiji uulize habari za ruhusa na kiingilio.

Bweranyange: siku ya hadithi

Watoto wetu wanasoma historia ya falme za mbali na kusahau kwamba wanaishi mahali palipokuwa ufalme. Bweranyange, wilayani Karagwe, ndiko kulikokuwa makao ya mfalme Rumanyika. Novemba 1861 walifika kwake Waingereza wawili waliokuwa wakitafuta chanzo cha Mto Nile, John Hanning Speke na James Grant. Speke alipoendelea kwenda Buganda mwanzoni mwa 1862, Grant alibaki kwa mfalme miezi kadhaa kwa sababu mguu ulikuwa umemharibikia. Karibu na hapo, Kafuro, kulikuwa na kituo cha wafanyabiashara Waarabu. Misafara ilitoka Tabora na kupita huku, na Kiswahili kikaja nayo.

Waambie watoto mapema kwamba hawaendi kuona majumba ya mawe. Nyumba za mfalme zilikuwa za msonge, za miti na nyasi, na nyasi hazikai miaka mia. Wanaokwenda wakitazamia ngome hurudi wamenuna. Kinachoonekana vizuri ni mandhari: ile miinuko na ziwa kule chini ambalo Speke alilipenda hata akaliita Little Windermere, kwa kukumbuka ziwa la kwao Uingereza.

Kinachoibeba siku ni hadithi, kwa hiyo tafuta msimulizi. Pita kwa mwenyekiti wa kijiji, jitambulishe, uliza ni mzee gani anayeijua historia, na usiende mikono mitupu. Sukari na chumvi vinatosha kuonyesha heshima. Watoto watangulie na "shikamoo babu", wakae chini, wasikilize.

Hadithi inayowashika wangu ni ile ambayo Rumanyika alimsimulia Speke, naye akaiandika. Baba yake, mfalme Ndagara, alipofariki, wana wa kifalme waliwekewa ngoma ndogo mbele yao. Ngoma yenyewe ilikuwa nyepesi, lakini imetiwa dawa, na ni mrithi wa haki peke yake angeweza kuinyanyua. Ndugu zake wakashindwa. Rumanyika akaiinua kwa kidole kidogo.

Baada ya hapo sihitaji kupanga mchezo. Madumu ya maji, mawe, mdogo wao, kila kitu hujaribiwa kwa kidole kidogo. Nikiwa na nguvu ya kuendeleza, nawauliza wakubwa: je, hadithi hii ilimfaa nani zaidi? Aliyeisimulia alikuwa ameshakaa kwenye kiti. Mtoto wa darasa la sita akishaliona hilo, ameanza kusoma historia kwa akili yake.

Mtoni: Murongo na Ibanda-Kyerwa

Safari hii ni ndefu, na mimi siwapeleki wenye chini ya miaka sita. Kutoka Omurushaka mnapita Nkwenda na Isingiro hadi Murongo, ambako Mto Kagera ni mpaka na ng'ambo ni Kikagati, Uganda. Watoto wanashangazwa na jambo dogo kabisa: kwamba nchi nyingine iko pale, na watu wake wananunua ndizi vilevile. Hamna haja ya kuvuka. Hapo ndipo pa kuwaonyesha umeme unatoka wapi, maana mtambo wa maji wa Kikagati-Murongo, megawati 14, uliozinduliwa Mei 2023, unagawa umeme kati ya nchi hizi mbili. Waeleze pia kwamba maji hayo yanakwenda Ziwa Victoria, na yanayotoka ziwani ndiyo Nile.

Ukiwa na gari na fedha kidogo, ongeza Hifadhi ya Taifa Ibanda-Kyerwa, iliyoko kwenye pembe ya nchi tatu: sisi, Rwanda na Uganda. Nayo ilipandishwa hadhi 2019. Kiangazi kikiwa kikali wanyama husogea majini, kwa hiyo swala pala, nyamera na viboko huonekana bila kusumbuka sana. Malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu, hawapokei fedha mkononi. Watoto wa chini ya miaka 5 hawalipi. Uliza viwango vya sasa kabla hujajaza mafuta.

Sharti langu la mtoni halina mjadala: hakuna mtoto anayechezea ukingo wa Kagera. Mna mamba na viboko. Mawe ya kurusha majini yarushwe kutoka juu, mkono wa mtoto ukiwa ndani ya mkono wa mtu mzima.

Siku isiyo na nauli

Fedha ikikata, kamueni juisi ya ndizi. Ndizi za juisi zivundikwe siku chache kabla, zimenywe, ziwekwe kwenye mtumbwi wa mti au beseni kubwa safi, kisha zikandwe kwa nyasi safi zilizooshwa hadi juisi itoke. Watoto wanaokanda wanawe mikono hadi viwiko. Wanywe siku hiyohiyo; ikilala na kutiwa mtama inakuwa rubisi, na hiyo ni ya wakubwa.

Mambo ya kupanga jioni kabla ya safari

Jua letu huchelewa. Dar es Salaam kumeshakucha, huku bado giza, na linachomoza karibu saa moja. Kwa hiyo amkeni saa kumi na moja na nusu, muwe barabarani kunapopambazuka.

Usafiri wa Kyerwa unaupata Omurushaka. Familia mbili tatu zikichanga kukodi gari moja, kila nyumba inalipa kidogo na watoto wanapata wenzao wa kucheza nao. Bodaboda kwa mwendo mfupi sawa, lakini mshikaki wa watoto watatu nyuma ya dereva, hapana.

Chakula ni matoke na maharage, yafungwe kwenye jani la mgomba yakiwa ya moto. Hukaa vizuri hadi mchana na vyombo vya kuosha havipo. Maji ya kunywa mtoke nayo nyumbani. Kila mtoto awe na sweta ya asubuhi, kofia ya mchana na kitambaa cha kujifunika pua kwa vumbi. Ongeza khanga mbili, moja ya kukalia, nyingine ya dharura zote za wenye watoto wadogo.

Saa tisa anzeni kurudi, hata kama wanalia. Wakilia kwa kutaka kubaki, mmeshapata pa kwenda likizo ijayo.