Mazoezi kwa Simu baada ya Kupasuliwa Moyo

Labda nyumbani mwako yuko mtu aliyepasuliwa moyo. Kazi hiyo hufanywa mbali na Kisangani: huko Kampala, Dar es Salaam, au Tenwek, hospitali ya misheni katika Kenya. Mgonjwa hurudi na kovu kifuani, cheti cha dawa, na neno la mganga: “Tutakuongoza mazoezi kwa simu.” Aliitika, Ndiyo. Lakini amefika nyumbani, na hafanyi. Kwa nini?

Tusiseme upesi kwamba ni mvivu. Fikiri mama mmoja wa Lubunga, ng’ambo ya mto. Alipokuwa mtoto aliumwa koo, kisha viungo vikavimba, na homa ile ikaharibu kilango cha moyo, kile kinachozuia damu isirudi nyuma. Sasa ametiwa kilango kilichotengenezwa na watu. Nyumbani wanamkalisha kitini. Maji anachotewa, ufagio ananyang’anywa. Wanamhurumia, kumbe mikono na miguu yake inazidi kulegea. Simu ni ya kijana wake, naye anaendesha toleka mjini tangu asubuhi. Jioni muuguzi anapiga, anaomba kuona kovu. Je, mama afunue kifua mbele ya mwanawe? Anajibu, “Mimi mzima,” na mazungumzo yanakwisha.

Haya yake ni ya haki. Basi binti au dada ashike simu, na jambo hili lipangwe kabla mgonjwa hajatoka hospitali. Sisi wauguzi tumuulize angali kitandani: Simu ni ya nani? Nani atakuwa karibu? Umeme unapatikana saa ngapi? Tena afanye zoezi la kwanza kwa simu ile ile, muuguzi akiwa amesimama kando yake. Akikwisha kulifanya mara moja, woga hupungua. Asiyejua kusoma asifichwe wala asichekwe, sauti yatosha. Simu ya picha hula unite nyingi, lakini simu ndogo ya vibonye yaweza kuuliza na kujibu.

Kumtunza mgonjwa aliye mbali si jambo geni kwetu. Mganga Chesterman alifika Yakusu, kando ya mto chini ya mji wetu, mwaka 1920. Aliwafundisha vijana wa hapa uuguzi, wakatunza zahanati vijijini, na wagonjwa wa malale wakapata sindano karibu na kwao. Katika siku zetu, mwaka 2023, wachunguzi wa Cochrane walilinganisha majaribio 24 yenye wagonjwa wa moyo zaidi ya 3,000. Waliofanya mazoezi nyumbani wakiongozwa walipata faida karibu sawa na waliokwenda kituoni. Lakini wengi wao waliugua mishipa ya moyo, si vilango. Kwa hiyo mama yetu afuate maagizo ya mganga wake mwenyewe.

Zoezi lenyewe ni kutembea. Anza dakika 5 uani, mara mbili tatu kwa siku, ukiongeza kidogo kidogo hata ufike dakika 30. Tembea na mtu. Ukiweza kusema naye bila kuhema, mwendo ni mwema; ukishindwa kumaliza neno, punguza. Mfupa wa kifua wataka majuma 6 hata 12 kushikamana. Siku hizo usibebe ndoo, usitwange sombe, usipige kasia, wala usipande toleka, maana ukianguka utaumia vibaya. Ukikohoa, kumbatia mto wa kulalia kifuani.

Nimetaja sombe. Mwenye kunywa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, aweza kula sombe na matembele, ila kiasi kisibadilike sana juma hata juma, kwa kuwa majani hayo hupunguza nguvu ya dawa. Na damu yake lazima ipimwe. Simu haiwezi kutoa damu. Mtu asikuambie kwamba kwa kuwa umeombewa waweza kuacha vidonge. Mimi pia huombea wagonjwa, kisha huhesabu vidonge vyao.

Muuguzi akiuliza, “Jana ulitembea?” na hukutembea, sema, “Hapana.” Sema na sababu: mvua, maumivu, woga, au kijana hakurudi na simu. Yeye hakuoni, jibu lako ndilo analotumia kuamua uongeze au upumzike. Ukimdanganya kwa adabu, atakuongezea mwendo usioweza.

Nanyi wa nyumbani, andikeni namba ya hospitali ukutani kwa makaa, maana simu huweza kuibiwa. Mkiona homa, usaha kovuni, mfupa wa kifua unaogonga, miguu inayovimba, uzito uliozidi kilo 2 kwa siku mbili tatu, kukosa pumzi akilala, damu isiyokatika, au mdomo kwenda upande na mkono kulegea ghafula, msingoje saa ya muuguzi kupiga. Chukueni cheti cha dawa, tafuteni piroga, mvuke naye saa ile ile.