Somo kwa Kamati za Sharika: Vifaa vya Darasani na Usalama wa Watoto

Wapendwa, tusome Mathayo 18:6, kisha tujadili.

Katika kongamano la walimu tulielezwa habari za "darasa ndani ya sanduku" lililotolewa na Vodafone Foundation mwaka 2015: kilo 52, tableti 25, kompyuta, projekta na spika. Huchajiwa saa 6 hadi 8, kisha hutumika siku nzima. Nikiwaza shule zetu za Kibondo zisizo na umeme wa uhakika, nilitamani nirudi nalo! Mpango wao na UNHCR ulianzia Dadaab, Kenya, mwaka 2013, ukafika hata kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu.

Kilichonigusa zaidi ni kipindi cha usalama mtandaoni. Mwalimu mmoja aliuliza: mtoto akiombwa picha na mtu asiyemjua, atamwambia nani? Ukumbi ukawa kimya. Andiko letu la mradi lina bajeti ya vifaa, lakini halina hata mstari mmoja wa somo hili. Kosa hilo ni langu.

Mtoto anayeogopa viboko hatasema. Basi asiadhibiwe, na ujumbe usifutwe, kwa kuwa waweza kuwa ushahidi chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Namba 116, Simu kwa Mtoto, hupigwa bure.

Swali: katika usharika wenu, mtoto angemwendea nani? Leteni majibu kabla bajeti haijapitishwa. Nanyi wafadhili, tunaomba ridhaa yenu fedha za tableti mbili zihamishiwe kwenye mafunzo ya walimu.